Siro Niliyomwaga Nyuma ya Choo

Habari ya kifo cha Mama Wabiwa ilinifikia kazini, katika kituo cha afya kule Fizi, mashariki mwa Kongo, nikiwa nimemshika mtoto wa watu taya ili nimtilie siro mdomoni. Siro hii ni dawa ya maji ya kuongeza damu. Ina madini ya chuma, na ladha yake ni msumari wenye kutu uliochovywa katika sukari. Nimeigawa kwa muda mrefu wa maisha yangu ya uuguzi na mpaka leo nikifungua chupa naziba pumzi. Simu ililia. Alikuwa Asende, mtoto wa dada yangu, anayeendesha pikipiki ya abiria huko Baraka. "Mama mudogo," alisema, "ule mama wa Swima alikufa. Ule wa karuho." Alisema bila chuki, kama unavyosema yule wa mandazi au yule wa cherehani. Karuho ni sumu ile ya kwetu ambayo kila mtu ameisikia na hakuna aliyeiona, sumu inayosemwa kufichwa chini ya ukucha na kudondoshwa katika chakula cha mwenzio. Nikamwambia nimesikia, nikarudi kwa yule mtoto. Nilipomaliza nikamwambia mama yake yale ninayowaambia wote, tena kabla ya kuwatajia kipimo: "Choo ya mutoto itakuwa nyeusi. Ni dawa. Haiko sumu. Uambie bale ba ku nyumba, bote." Wenzangu hunicheka kwa kuanza na choo. Siku hiyo nilinawa mikono mara tatu na harufu ya kutu ikabaki vidoleni.

Mwaka jambo hilo la karuho lilipotokea nilikuwa na miaka kumi na saba, nikisoma Baraka na kukaa kwa dada yangu Faida. Shemeji alikuwa machimboni. Faida alikuwa akipanda Lubondja kununua muhogo wa kuuza sokoni, akikaa huko siku mbili tatu, na nyumba ilibaki mikononi mwa mama mkwe wake, ambaye sote tulimwita Koko. Mimi na Koko na Asende, aliyekuwa na miaka miwili, tulilala chumba kimoja. Nikikumbuka chumba kile naanza na pua: mawese, mkojo wa mtoto uliokauka kwenye godoro, tumbaku ya Koko, na ndagala, dagaa wa ziwani. Ndagala waliingia kutoka nje, kwa Mama Wabiwa, mpangaji wa chumba cha pili katika uwanja uleule. Alikuwa mjane kutoka upande wa Ubwari, akianika dagaa wake juu ya mabati nyuma ya jiko, na alikuwa na binti mmoja wa miaka minane, Wabiwa. Hakuwa na ndugu mtaani. Mgeni ni kuku mweupe, na yeye hata kucheka kwake kulijulikana toka barabarani.

Asende hakuwa mtoto wa kulia. Ingekuwa heri angelia. Alikaa chini mahali ulipomweka, macho yamejaa usingizi, na kazi yake moja ilikuwa kulamba ukuta. Kuta zetu zilikuwa za udongo, na pale kwenye pembe ya mlango alikuwa amekwisha kuchimba shimo kwa ulimi na kucha, akabaki na masharubu ya matope. Koko alimchapa vidole. Mimi nilikuwa nikimtazama nikila, kisha nikigeuka upande mwingine niendelee kula. Faida ndiye aliyemgeuza viganja siku moja akaona ni vyeupe. Kesho yake alikuwa na safari ya Lubondja, basi akanituma mimi nimpeleke kwenye kituo cha afya.

Mwuguzi alimvuta Asende kope, akampima, akasema damu ni kidogo. Alinieleza pole pole, maana kwa sare yangu ya shule nilionekana mtu wa kuelewa. "Kijiko kimoja kila asubui, mbele hajakula. Usimupe na chai, usimupe na maziba ya ngombe. Ukimaliza umupe maji, meno isichafuke. Choo yake itakuwa nyeusi, musiogope. Na akule ndagala, na sombe. Mutarudi kisha wiki tatu." Nilitikisa kichwa kwa kila jambo. Nyumbani nilieleza kijiko na chai. La choo sikulisema. Sikulificha, niliona aibu tu kulitamka mezani mbele ya Koko, nikasema nitalisema baadaye.

Siku mbili za kwanza nilimpa, ingawa nusu ilimwagika kidevuni, na choo hakikubadilika. Siku ya tatu aliitema yote juu ya blauzi yangu nyeupe, dakika chache kabla ya kwenda shule. Nilisugua kwa sabuni, nikasugua kwa limau, doa likakaa kifuani rangi ya damu ya jana. Darasani wasichana walinong'ona hata mchana, wakiniuliza kama najua damu ya mwezi hutokea wapi. Nilikuwa na blauzi moja tu. Basi asubuhi ya nne nilichukua chupa na kijiko, nikamwita Asende kwa sauti ili Koko asikie, nikaenda naye nyuma ya choo, nikamimina kijiko cha siro ardhini, nikarudi. "Alikunywa?" Koko akauliza. "Alikunywa." Nikafanya hivyo kila asubuhi, kijiko kimoja kimoja, ili chupa ipungue kwa mwendo wa haki. Hilo ndilo linalonichafua roho kuliko yote. Uvivu ungenifanya niiache chupa kwenye dirisha. Mimi nilikuwa na bidii, nilipima uwongo wangu kwa kijiko. Mahali pale ardhi ilipata rangi ya kutu, na sisimizi walikuja kwa ajili ya sukari.

Mama Wabiwa alinikuta. Alikuwa akigeuza dagaa wake, binti yake ameshika ungo nyuma yake, nami sikusikia hatua. Akatazama kijiko, akatazama ardhi.

"Sifa," alisema, "ile ni damu ya mutoto unamwanga."

"Mama, nitamupatia. Usiambie yaya Faida."

"Kuanzia lini?"

"Kuanzia kesho."

"Basi. Mi sitasema."

Na hakusema. Ila tangu siku ile alianza kumwita Asende kwake kila jioni. Alimtwangia ndagala mpaka wakawa unga, akamchanganyia katika sombe, kisamvu chetu, akamlisha kwa mkono, tonge dogo dogo, huku akimwimbia upuuzi. Mwanzoni mtoto alitema, baadaye akawa anajikokota mwenyewe kufika mlangoni pake. Nikiwa nadurusu masomo niliwasikia kupitia ukuta: "Kula, baba. Kula, muzee yangu. Uache ukuta ya bantu." Leo najua, na hili nalijua kwa kitabu na kwa kazi, kwamba katika uwanja ule mtu mmoja tu alikuwa akimtibu Asende, naye alikuwa yeye. Mimi niliendelea kumwaga. Kesho yangu ilisogea kila siku mpaka wiki ya tatu ikafika.

Siku mbili kabla ya kurudi kituoni niliingiwa na hofu. Nilimwona mwuguzi akimvuta kope tena na kuuliza mbona hakuna kitu. Basi nikaanza kumpa, na kwa akili yangu ya mwanafunzi nikapiga hesabu ya kufidia: vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Nilimbana pua ili ameze. Kesho yake nikarudia. Jioni alikwenda kwa Mama Wabiwa kama kawaida, akala, na kabla hajarudi kwetu akatapika mlangoni pake. Asubuhi iliyofuata alikaa kwenye kikopo chake cha plastiki, akainuka, na Koko akapiga yowe moja fupi.

Choo kilikuwa cheusi kama lami. Nilijua ni nini kabla Koko hajakiinua kikopo. Maneno ya mwuguzi yalinirudia yote pamoja na sauti yake. Koko alikichukua kikopo mpaka katikati ya uwanja, akachukua kijiti, akaanza kupekua. Majirani wakaja. Hakuna kitu kinachokusanya watu upesi kama kinyesi cha mtoto wa mwenzao. Wanawake sita saba waliinama juu ya kikopo kile, mmoja na mswaki mdomoni, mwingine na mkate wake wa asubuhi anautafuna, wakinusa, wakiulizana.

"Ni ya leo?"

"Ni ya leo. Jana ilikuwa muzuri."

"Alikula wapi?"

Wote waliinua vichwa wakatazama mlango wa Mama Wabiwa. Naye alikuwa amesimama pale, mikono ina magamba ya dagaa.

"Mutoto anakunywa dawa," alisema. "Mumuulize Sifa juu ya siro."

Hakusema kwamba nilimwaga. Aliniachia nafasi niseme mwenyewe. Koko akanigeukia. "Sifa. Dawa anakunywa?"

"Anakunywa, Koko. Tangu siku ya kwanza."

"Na choo ilikuwaka hivi?"

"Hapana."

Ona jinsi lilivyo jepesi. Kila neno la pili lilikuwa kweli. Kama amekunywa wiki tatu na choo hakikuwa cheusi, basi weusi huu umetoka penginepo, hata mtoto wa darasa la kwanza angefika hapo. Nilichotakiwa kusema ni kwamba nilimwaga. Nikaona kipigo, nikaona Faida akinirudisha nyumbani kabla ya mtihani, nikafunga mdomo. Mama Wabiwa alijifuta magamba ya dagaa kwenye kanga. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, "Tungojee daktari aseme. Daktari akisema ni miye, nitatoka."

Koko hakungoja daktari. Alimleta mama mmoja wa mtaa wa pili aliyesifiwa kwa kutoa sumu. Mama yule alikuja na mpira mwekundu wenye mdomo mrefu, wa kusukumia dawa kwa nyuma, na maji ya majani yaliyotwangwa na pilipili. Miguu ya Asende nilishika mimi. Sitaki kupamba. Alikuwa mtoto asiyelia na siku hiyo alilia, na kilichomtoka kilitoka mpaka hakukuwa na kitu ndani yake, kikatulowesha mikono, na yule mama akasema, "Muone, inatoka, sumu inatoka," na wanawake wakaitikia. Wakamtapisha pia. Uwanja mzima ulinuka. Nilikwenda nyuma ya choo kutapika, nikajikuta nimesimama juu ya doa langu la kutu, na sisimizi bado wapo.

Faida alirudi kesho yake asubuhi, akamkuta mtoto shingo haikai. Alimfunga kifuani, tukapanda pikipiki moja, mimi nyuma yake, mpaka hospitali. Walimwekea maji kwenye mshipa. Daktari aliyempokea alikuwa amechoka, akauliza maswali huku akiandika. Alipofika kwenye choo alisimamisha kalamu.

"Kuna siro ya fer, ile ya chuma, anakunywa? Ile inafanyaka choo nyeusi. Haiko kitu."

Ilikuwa imesemwa, na mtu mwingine, bila mimi. Lakini Faida akatikisa kichwa. "Daktari, ana wiki tatu anakunywa. Haikukuwaka nyeusi hata siku moya." Akanigeukia, macho mekundu ya safari na ya kulia. "Sivyo, Sifa?"

Daktari alinitazama pia. Kalamu ikingoja. Kitandani Asende alikuwa amefungwa mkono kwenye kipande cha katoni.

"Ndiyo, yaya," nikasema.

Daktari akainua mabega, akaandika kitu, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Na Faida, ambaye mpaka hapo alikuwa akisita, ambaye njiani alikuwa ameniambia kwamba Mama Wabiwa hana ubaya, aliondoka na jibu la daktari ambalo daktari hakulisema. Jioni alisimama katikati ya uwanja. "Hata ku hospitali balisema haiko siro."

Hawakumpiga. Walimwachia mwili wake, na kwa miaka walijisifu kwa hilo, eti wao ni watu wa kanisa. Walitoa vyungu vyake, godoro, mabati ya dagaa. Koko alichukua sahani ya bati aliyokuwa akilishiwa Asende akaikunja chini ya kisigino. Dagaa waliokuwa wamekauka vizuri, kazi ya wiki nzima, walimwagwa shimoni ili kuku wasile wakafa. Yeye alifunga mzigo bila kuharakisha. Wabiwa alibeba ungo. Walipopita mbele yangu alisimama, nami nikajiandaa kutukanwa, naapa nilitamani anitukane.

"Sasa umupatie muzuri," alisema. "Kijiko moya. Asubui."

Nikampa. Kijiko kimoja, asubuhi, kabla ya kula, na maji baadaye, chupa ya pili na ya tatu. Choo kilikuwa cheusi miezi miwili mfululizo na hakuna aliyeona, kwa sababu kikopo nilikuwa nakimwaga mimi mwenyewe kabla Koko hajaamka. Mashavu ya Asende yakajaa. Aliacha ukuta, akaanza kukimbia, akawa mtoto wa kelele. Na hapo ndipo uchafu ulipokamilika, maana kupona kwake kukawa ushahidi. Mchawi ametoka, mtoto amenawiri, unataka nini zaidi? Faida alisimama kanisani akashukuru kwa ajili ya mikono ya mdogo wake. Watu wakanipigia makofi. Mwaka uliofuata, nilipoomba kusomea uuguzi, kila mtu alisema walishaona tangu zamani kwamba ni karama yangu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenichukua umri mzima na bado inakwenda. Faida nilimficha, Koko alikufa nikimficha. Swima, alikohamia Mama Wabiwa, si mbali na Baraka, nilipita pale mara nyingi kwa kazi, na kila mara nilitazama upande wa ziwa mpaka kijiji kiishe. Nilisikia kwamba dagaa wake hawakununuliwa Baraka tena, kwamba aliwauza kwa wapita njia wasiomjua. Nimewafundisha mamia ya wanawake habari ya choo cheusi, nikasifiwa kwa subira yangu, na yule mmoja niliyetakiwa kumsemea sikumsemea.

Siku ya matanga niliteremka Baraka, Asende akanichukua kwa pikipiki yake. Ni mtu mzima sasa, mabega mapana, ana watoto wawili. Tulipofika Swima alizima pikipiki barabarani, mbali na nyumba.

"Mi nitakungojea hapa, mama mudogo. Kwa ule mama siwezi kuingia. Karibu aniue."

Uwanjani walikuwa watu wachache. Wabiwa nilimtambua kwa macho ya mama yake. Hakuonyesha kushangaa. Alinipa kigoda, akaniletea maji ya kunawa, kisha sahani: ugali wa muhogo, na ndagala katika mawese. Nikanyoosha mkono. Mkono ukasimama hewani.

Nataka hili lieleweke. Duniani nilikuwa mtu pekee mwenye hakika kamili kwamba chakula cha nyumba ile hakijawahi kumdhuru mtu. Na mkono wangu ulisita. Niliirudia hadithi ile mezani kwetu kwa kunyamaza miaka mingi hivi kwamba vidole viliisadiki.

Wabiwa aliuona. "Kama hautaki, haina neno," alisema. "Bantu ba Baraka habakulaka hapa."

Nikala. Kisha nikamwambia yote, kuanzia blauzi. Alinisikiliza akiokota makaa, akanikatiza kabla sijamaliza.

"Nilikuwa na mama siku ile, na ungo. Niliona. Miye unaniambia nini?" Akachukua sahani, akatia ndagala wengine, akanipa mkononi. Kwa kidevu akanionyesha barabara. "Wa kuambia iko kule, ku pikipiki yake."

Basi nikatoka na sahani. Asende alikuwa amekalia pikipiki akichezea simu. Aliona nilichobeba, akacheka kidogo kwa adabu. Nikamwambia nimesimama, kwa sababu ningekaa nisingesema. "Asende, choo yako ilikuwa nyeusi sababu yangu." Nikamweleza siro, ardhi, vijiko viwili vya kufidia, miguu niliyoshika, na ile "ndiyo" niliyomjibu mama yake hospitali. Nikamweleza ni nani aliyemlisha kila jioni. Aliweka simu mfukoni, akatazama ile nyumba.

"Nakusadiki," alisema mwishoni. "Huwezi kusema uongo ya namna hii."

Akachukua ndagala mmoja kwa vidole viwili, akamtia mdomoni. Nikaona taya likisimama. Alijaribu kutafuna, macho yakamjaa machozi. Akainama kando ya gurudumu akatema, akatema tena, akajifuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Unisamehe, mama mudogo," aliniambia mimi. "Ni mwili tu."